Dawa ya kuacha pombe, dawa ya kifafa na jino linalouma: nimeze kipi, niache kipi?

*"Habari za kazi, daktari. Nina umri wa miaka 43. Hii ni wiki ya sita tangu niache pombe, na tangu wiki ya kwanza nameza disulfiramu miligramu 250 kila asubuhi, mke wangu akishuhudia. Pombe sijaigusa. Shida yangu ni jino. Daktari wa meno ameniandikia metronidazoli ya siku tano pamoja na vidonge vya maumivu vyenye kodeini, na akanipa dawa ya maji ya kusukutua. Habari ya disulfiramu sikumwambia. Niliona aibu, na chumbani kulikuwa na watu. Kodeini nimeanza juzi. Metronidazoli bado naiangalia tu, kwa sababu nimesikia haipatani na pombe, ingawa kwa kuwa sinywi tena nadhani hainihusu. Nimefikiria niache disulfiramu siku mbili tatu, nimalize dawa ya jino, kisha niendelee. Rafiki yangu anatumia naltreksoni, anasema hiyo ndiyo dawa isiyogombana na chochote, na yuko tayari kunigawia. Niongeze kwamba nina kifafa tangu ujana. Nameza fenitoini miligramu 300 kila usiku, na sijaanguka kwa miaka sita, kwa hiyo sikuona haja ya kumtajia daktari aliyenipa disulfiramu. Siku kama kumi hivi nimekuwa nikiyumba ninapotembea, na nikisoma naona herufi mbilimbili. Nadhani ni pombe inatoka mwilini. Naomba ushauri: nimeze kipi, niache kipi?"*

Ndugu yangu, jino lako nitalifikia, lakini kwanza tushughulike na kile ulichokitaja mwishoni kama jambo dogo. Mtu anayemeza fenitoini, akaongezewa disulfiramu, kisha akaanza kuyumba na kuona vitu viwiliviwili, anatakiwa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Nenda leo, mchana huuhuu, kwenye hospitali yenye maabara na kitengo cha dharura. Usiendeshe gari wala pikipiki, mkeo akusindikize. Beba pakiti za dawa zote ulizo nazo, hata ile ambayo hujaifungua.

Mpaka utakapoonwa, fanya hivi. Metronidazoli usiimeze. Naltreksoni ya rafiki yako usiipokee. Kodeini ishie hapo ulipofika. Kidonge cha disulfiramu cha kesho asubuhi kisubiri mpaka daktari aseme. Kukikosa hakutakudhuru, kwani kazi yake bado inaendelea mwilini, na nitaeleza kwa nini. Fenitoini ni habari nyingine kabisa. Usiikatishe kwa uamuzi wako mwenyewe, maana kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokatika, na hicho huua. Kama kipimo cha damu kitaonyesha imezidi, watakaokupima ndio watakaokuambia kama dozi ya usiku huu uiruke au uipunguze. Ndiyo maana nataka uwafikie kabla ya saa yako ya kumeza.

Sasa tukae tuzungumze, kwa sababu nataka uelewe kinachotokea mwilini mwako, si kutii tu.

Umedhani kuyumba huku ni pombe inayotoka. Naelewa kwa nini. Watu wengi wanaoacha pombe huambiwa kwamba mwili utasumbuka kwa miezi, basi kila kinachowapata wanakibandika jina hilo. Lakini dalili za mwili kuikosa pombe zina saa zake. Kutetemeka, jasho na wasiwasi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa kinachotokana na kuacha pombe, kwa wale wanaokipata, huja kwa kawaida ndani ya siku mbili za kwanza. Kile kiwewe kikali cha kuona vitu visivyokuwepo, pamoja na homa na mapigo ya moyo kwenda mbio, huja kati ya siku ya pili na ya nne au ya tano. Usingizi mbaya, hasira za haraka na hamu ya kunywa vinaweza kuendelea kwa wiki nyingi, hilo ni kweli. Ila kuyumba kunakoanza upya karibu mwezi mzima baada ya kuacha hakumo katika orodha hiyo. Kuna kitu kingine kimeingia, na ukihesabu siku utaona kilichoingia ni disulfiramu.

Ili uone inavyogusa fenitoini, tazama kwanza kazi yake ya kawaida. Mtu anapokunywa pombe, kimeng'enya cha ini, yaani protini inayobadilisha kemikali mwilini, huigeuza kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu. Kisha kimeng'enya kingine huidaka asetaldehaidi na kuigeuza kuwa asetati, ambayo mwili unaimudu. Disulfiramu hukifunga kimeng'enya hicho cha pili. Asetaldehaidi inakosa pa kwenda, inarundikana kwenye damu, na mnywaji anapata uso kuwaka moto, kichwa kugonga, kutapika, moyo kwenda mbio na presha kushuka. Nguvu hii iligunduliwa Denmark miaka ya 1940, wakati Jens Hald na Erik Jacobsen walipokuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo; waliijaribu kwa kuimeza wao wenyewe, wakaugua walipokunywa pombe. Yaani tangu mwanzo dawa hii ilijulikana kwa kuzuia kazi ya ini, na uzuiaji huo ndio tiba yenyewe.

Tatizo ni kwamba haichagui kimeng'enya kimoja tu. Huzuia pia vimeng'enya vingine vya ini vinavyovunja dawa za kawaida, na fenitoini ni mojawapo ya dawa zinazoathirika zaidi. Fenitoini nayo ina tabia yake ya pekee. Fikiria ukumbi wenye mlango mmoja wa kutokea: watu wakitoka mmojammoja hakuna msongamano, lakini mlango ukishafika kikomo chake, kila anayeongezwa ndani anabaki ndani. Kwa dawa nyingi, ukiongeza dozi kidogo, kiasi kwenye damu huongezeka kidogo. Kwa fenitoini, ini likishafika kikomo, badiliko dogo huirusha juu ghafla. Na hapa disulfiramu imeubana mlango wenyewe. Unameza miligramu 300 zilezile ulizozizoea kwa miaka, ila mwilini zinakaa kama dozi kubwa zaidi.

Kuna sababu nyingine inayosukuma upande huohuo, na mara nyingi husahauliwa. Pombe ya kila siku kwa miaka huchochea ini kuvunja fenitoini haraka. Inawezekana kabisa dozi yako ilipangwa wakati ini lako likifanya kazi kwa kasi hiyo. Ulipoacha kunywa, kasi ikapungua taratibu, na fenitoini ikaanza kupanda hata bila msaada wa disulfiramu. Usinielewe vibaya kwamba kuacha pombe kumekudhuru. Kuacha pombe ndilo jambo bora ulilolifanya. Dawa nyingine tu ndizo hazikupangwa upya kulifuata.

Kipimo kitakachoombwa ni kiwango cha fenitoini kwenye damu. Kiwango kinacholengwa ni mikrogramu 10 hadi 20 kwa mililita. Kikipita 20, macho huanza kuchezacheza yenyewe mtu anapotazama pembeni; kikikaribia 30 na kupita, mwendo unaharibika, mtu anayumba kama mlevi. Juu ya 40 huja uzito wa kichwa, usemi kukokota na usingizi usio wa kawaida. Hayo ni makadirio, kila mwili una wake, lakini maelezo yako yanafanana sana na ngazi ya kati. Na fikiria uchungu wa jambo hili: mtu aliyeacha pombe kwa jasho lake anaonekana mtaani akipepesuka, watu wanasema amerudi kulekule. Nimeona familia zikivunjika imani kwa sababu hiyo, wakati mgonjwa hajaonja tone. Mweleze mkeo hili leo.

Hata hivyo, sitaki uende hospitali ukiwa umeshajipa jibu moja. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu anaweza kukosa vitamini B1, yaani thiamini, na upungufu huo ukiwa mkali hushambulia ubongo. Huitwa ugonjwa wa Wernicke, na dalili zake ni macho kutokwenda sawa, kuyumba, na kuchanganyikiwa. Umeona zinavyofanana? Ni dharura, na tiba yake ni thiamini ya sindano, kwa dozi kubwa, bila kusubiri majibu marefu ya maabara. Vidonge vya kawaida vya vitamini havitoshi hapo. Wakikuwekea dripu ya glukosi, thiamini itangulie au iende pamoja nayo. Ukifika, taja wazi: "Nilikuwa mnywaji wa pombe, nimeacha wiki ya sita." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha tiba utakayopewa. Disulfiramu yenyewe pia huweza kudhuru mishipa ya fahamu ya miguu na hata ya macho, ingawa hilo huja zaidi kwa watu walioitumia muda mrefu. Daktari ataitazama nayo.

Sasa jino. Umesikia kwamba metronidazoli haipatani na pombe, ukahitimisha kwamba asiyekunywa hana neno. Onyo la metronidazoli na pombe ndilo linalojulikana na wengi, na wataalamu bado wanajadiliana uzito wake. Lakini lipo onyo la pili ambalo halina mjadala, nalo linahusu metronidazoli na disulfiramu, hata kwa mtu ambaye hajalamba pombe mwaka mzima. Dawa hizi mbili zikikutana huweza kumfanya mtu achanganyikiwe, asikie sauti, ashuku watu, arukwe na akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1969 uliwafuatilia wagonjwa 29 waliopewa zote mbili. 6 kati yao walipatwa na hali hiyo. Mmoja katika watano ni wengi mno kwa dawa ya jino. Ndiyo sababu maelekezo ya metronidazoli yanasema asipewe mtu aliyemeza disulfiramu ndani ya wiki mbili zilizopita. Tinidazoli ni ya ukoo huohuo, kwa hiyo usibadilishiwe hiyo ukadhani umeepuka. Kwako wewe kuna la ziada: metronidazoli nayo inaweza kupunguza kasi ya mwili kuiondoa fenitoini. Ungeubana mlango uleule mara ya pili.

Wiki mbili hizo ndizo zinazojibu mpango wako wa kuacha disulfiramu siku mbili tatu. Ungekuwa mpango mzuri kama dawa hii ingeondoka mwilini kama parasetamoli. Lakini disulfiramu inaposhika kimeng'enya haikiachii. Kimeng'enya hicho kimekufa, na mwili unalazimika kutengeneza kingine kipya. Inachukua hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo ukiacha Jumatatu na kumeza metronidazoli Alhamisi, kwa mwili wako ni kana kwamba hujaacha kitu. Na hesabu hiyohiyo inahusu pombe. Wapo waliofikiri kuruka vidonge vya siku tatu kunafungua njia ya kunywa mwisho wa juma, wakaishia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Athari hiyo si kichefuchefu tu. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kuleta kifafa, na kuua.

Mwambie daktari wa meno ukweli, naye ana njia nyingine. Maambukizi mengi ya jino hayaponi kwa vidonge peke yake. Jino lenyewe linatakiwa lishughulikiwe, usaha utolewe, mzizi utibiwe au jino ling'olewe. Ganzi ya sindano haina ugomvi na disulfiramu. Kama bado anaona antibayotiki inahitajika, amoksisilini haigombani na dawa zako, mradi huna mzio wa penisilini. Uamuzi ni wake, lakini hawezi kuamua vizuri juu ya jambo asilolijua.

Dawa ya kusukutua: soma lebo. Nyingi zina alkoholi, na kinywa chenye kidonda huinyonya. Omba isiyo na alkoholi, au sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Uangalifu huohuo uende kwenye dawa za maji za kikohozi na mafua, dawa za kuongeza nguvu, na dawa yoyote iliyoyeyushwa. Baadhi ya dawa za maji zina kiasi cha alkoholi kinachoshangaza. Ile ya lopinaviri na ritonaviri ya maji, inayotumiwa kutibu virusi vya UKIMWI, ina alkoholi zaidi ya asilimia 40. Vidonge vya dawa hiyohiyo havina shida hiyo. Mara nyingi kubadilisha sharubati kwa kidonge kunatosha.

Kuhusu maumivu, parasetamoli au ibuprofeni hutosha kwa meno mengi. Parasetamoli itumie kwa kiasi, kwa sababu ini la mtu aliyekunywa kwa muda mrefu huwa limepungukiwa akiba ya kujikinga nayo, na fenitoini inaongeza mzigo huo. Madaktari wengi huwawekea wagonjwa wa namna yako kikomo cha gramu 2 kwa siku, nusu ya kile cha mtu wa kawaida. Ibuprofeni haifai kama una vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Kodeini haina ugomvi mkubwa na disulfiramu, lakini yenyewe ni ya jamii ya afyuni na huzoeleka. Kwa mtu aliye kwenye wiki ya sita ya kuacha kilevi, mimi nisingeianzisha kama kuna njia nyingine. Na tramadoli, ambayo huenda ukapewa badala yake, usiikubali bila kutaja kifafa chako, kwa sababu huamsha kifafa.

Tuje kwa rafiki yako. Hana nia mbaya, na kuna ukweli nusu katika maneno yake. Naltreksoni haivunjwi na vile vimeng'enya vya ini vinavyosongwa na dawa nyingi, kwa hiyo haiigusi fenitoini, na wala haimfanyi mtu augue akinywa. Kazi yake iko kwenye ubongo: inaziba sehemu ambazo pombe huzitumia kuleta ile raha, hamu ikapungua. Lakini sehemu hizohizo ndizo ambako kodeini, tramadoli, mofini, pethidini na methadoni hufanyia kazi. Naltreksoni ikiingia, inazing'oa pale zilipokaa. Wewe umemeza kodeini tangu juzi. Ukimeza naltreksoni ya rafiki yako leo usiku, unaweza kuangukia arosto kali ndani ya muda mfupi: kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa, jasho, na ikakushika hadi siku mbili. Ndiyo maana hutakiwa mtu akae siku 7 hadi 10 bila dawa yoyote ya jamii hiyo kabla ya kuanza naltreksoni, na zaidi kama alikuwa akitumia methadoni.

Kwa hiyo dawa "isiyogombana na chochote" inagombana na karibu kila dawa kali ya maumivu duniani. Anayetumia naltreksoni akivunjika mguu, mofini haitamsaidia kama inavyomsaidia mwingine, na kujaribu kuishinda kwa kuongeza dozi ni hatari ya kufa. Akipangiwa upasuaji, vidonge huachwa angalau saa 72 kabla. Sindano ya miligramu 380 hukaa takribani mwezi, na daktari wa usingizi lazima ajue. Hata loperamidi ya kuzuia kuharisha inaweza isifanye kazi vizuri. Mtu huyo anapaswa kutembea na kadi mfukoni. Mwambie rafiki yako hayo, kwa upendo, na mwambie pia asigawe vidonge vyake.

Dawa ya tatu ya kuacha pombe hukuitaja, nami nasikitika kwamba wagonjwa wengi hawaisikii kabisa. Akamprosati haipiti kwenye ini. Inaingia na kutoka kama ilivyo, kwa njia ya figo. Kwa sababu hiyo haigombani na fenitoini, wala metronidazoli, wala kodeini. Humsaidia zaidi mtu ambaye tayari ameacha kunywa na anataka kuendelea, na huyo ni wewe. Ubaya wake ni wingi wa vidonge: viwili vya miligramu 333, mara tatu kwa siku. Wengine huharisha siku za mwanzo. Figo lazima zipimwe kwanza. Zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa, na zikiwa dhaifu sana haitumiki. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza akamprosati pamoja na naltreksoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na natumaini hilo litazifanya zipatikane kwa wepesi zaidi.

Je, wewe ubadilishe? Nikuambie ninavyoona, ukijua kwamba daktari atakayekupima ana nilichokosa mimi, yaani wewe mwenyewe mbele yake pamoja na majibu ya maabara. Disulfiramu ina faida moja kubwa: uamuzi unafanywa mara moja kwa siku, asubuhi, mtu wako akiona, na siku nzima hakuna mjadala na nafsi. Kwa wenye ndoa inayowashika mkono kama yako, hufanya kazi vizuri. Lakini kwa mtu mwenye kifafa dawa hii hutolewa kwa tahadhari kubwa hata asipotumia fenitoini, na kwa anayetumia fenitoini hudai vipimo vya damu vya mara kwa mara. Kama akamprosati inapatikana na figo zako ni nzima, hapo ndipo ningeelekea mimi. Naltreksoni ingekuwa ya pili, siku 7 hadi 10 baada ya kodeini kuisha na ini likiwa limepimwa. Njia nyingine ni kubaki na disulfiramu na kubadilisha dawa ya kifafa kwenda kwenye ile isiyotegemea ini sana, kama levetirasetamu. Hilo hufanywa polepole na mtaalamu, wala si kwa haraka ya jino. Miaka sita bila kuanguka ni kitu cha kulindwa. Mkeo aendelee kushuhudia kidonge cha asubuhi, chochote kitakachokuwa. Utaratibu huo msiuache.

Kwa wasomaji wengine wanaomeza disulfiramu bila fenitoini: msidhani mmesalimika. Warfarini huzidishwa nguvu, damu ikawa nyepesi mno. Isoniazidi ya kifua kikuu ikikutana nayo huweza kuleta kuyumba na mabadiliko ya tabia. Diazepamu na klodiazepoksidi hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida, na teofilini ya pumu hupanda. Na yeyote anayefikiria kumwekea ndugu yake disulfiramu kwenye chakula bila yeye kujua, naomba aache. Asiyejua hawezi kujilinda, na kinywaji kimoja kinaweza kumuua.

Turudi kwenye aibu, kwa sababu ndiyo iliyozaa haya yote. Hukumtajia daktari wa kwanza kifafa kwa kuona hakihusiani. Hukumtajia wa pili disulfiramu kwa kuona watu. Silaumu. Wote wawili nao walipaswa kukuuliza kwa utulivu na kwa faragha kila unachomeza, na kuna wahudumu wanaosikia neno pombe wakabadilisha uso. Ila huna haja ya kusimulia maisha yako. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zote, miligramu zake na saa unazomeza, mpe anayekuhudumia na useme, "Tafadhali soma hii kabla hujaniandikia kitu." Mtu wa kando hatasikia neno. Mfamasia naye mpe karatasi hiyohiyo kila unaponunua dawa, hata ya mafua, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kukuona kabla hujameza.

Baada ya leo, usisubiri miadi ukiona lolote kati ya haya: macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo mweusi, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, uchovu usioeleweka. Disulfiramu inaweza kuunguza ini, mara nyingi katika miezi michache ya kwanza, na fenitoini nayo haiko mbali na ini. Ukichanganyikiwa, ukisinzia isivyo kawaida, ukianguka kifafa, au kifua kikikubana, uitiwe gari la wagonjwa. Na kama utateleza ukanywa, sema mara moja na uende hospitali. Hakuna aibu inayozidi moyo kusimama.

Jambo la mwisho la kumuuliza daktari. Wakipunguza fenitoini leo na disulfiramu ikasimamishwa, ini lako litaanza kuachiwa taratibu katika wiki zijazo, na fenitoini itaanza kushuka. Dozi inayokutosha sasa inaweza kuwa ndogo mno mwezi ujao, ukaanguka baada ya miaka sita ya usalama. Kwa hiyo usitoke hospitalini bila tarehe ya kipimo kinachofuata cha fenitoini na cha ini, na uwaombe waiandike kwenye karatasi ya dawa zako.